DT ya zamani imegoma: tafuta hewa ya wizi kabla hujagusa kabureta

Yamaha DT125 na DT175, AG100, Suzuki TF125: hizi ndizo pikipiki za mipigo miwili ambazo bado unazikuta zimeegemezwa nyuma ya misheni, ofisi za kata na maghala ya miradi iliyokwisha. Mabwana shamba walizipanda miaka nenda rudi, zikaja kuuzwa kwa mnada, na leo ziko mikononi mwa watu wanaozipenda kwa sababu ni nyepesi, zinapanda milima na injini yake ina vipande vichache. Shida ni kumpata fundi. Vijana wengi wa gereji wamejifunzia Boxer na TVS, ambazo ni injini za mipigo minne. Wakiletewa DT inayosumbua wanafanya walichozoea: wanabadili plagi, wanafungua kabureta, wanazungusha skrubu ya hewa mpaka mlio upendeze, wanapokea hela yao. Mwenye pikipiki anaondoka akifurahi, na pistoni inatoboka njiani.

Sababu ni kwamba injini hii inapumua tofauti. Kwenye mipigo minne, chini ya pistoni kuna oili tu. Kwenye mipigo miwili, chumba cha krenki ndicho pampu ya injini. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta mchanganyiko wa petroli na hewa kutoka kabureta. Ikishuka, inaubana mchanganyiko huo na kuusukuma juu kupitia njia za pembeni za silinda. Kwa hiyo tundu dogo popote kwenye chumba hicho, iwe kwenye sili ya krenki (mpira unaoziba pembeni ya mhimili wa injini), gasketi ya chini ya silinda au mpira wa kabureta, linaingiza hewa ambayo kabureta haina habari nayo. Mimi naiita hewa ya wizi. Ukiwa na hewa ya wizi halafu ukarekebisha kabureta, umeuficha ugonjwa tu, na joto linaendelea kula pistoni.

Maelezo haya yanahusu zaidi DT za kupozwa kwa hewa. DT125 ya aina hiyo ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56 na mpigo wa milimita 50, yaani cc 123. DT175 ina mpigo huohuo kwa silinda ya milimita 66. Kwa TF na AG mantiki ni ileile, vipimo vichukue kwenye kitabu chake.

Kabla hujashika spana

Fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa ikiingia kwa kufyonza, umeshapata mgonjwa wa kwanza: kitundu cha pumzi kwenye mfuniko kimeziba kwa vumbi. Pikipiki yenye shida hiyo inawaka vizuri, inakwenda kilomita kadhaa, inazima kana kwamba mafuta yameisha, ukiiacha kidogo inawaka tena. Watu wameshanunua koili mpya kwa ajili ya kitundu hicho.

Petroli yenyewe ichunguze. Iliyokaa kwenye tanki miezi mingi imwage. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inafanya injini iwe ngumu kuwaka asubuhi na igonge ikibebeshwa mzigo. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama ya maana, ya taa huacha doa la mafuta. Lakini kipimo hiki kifanye kwa petroli ambayo hujaichanganya na oili, maana iliyochanganywa itaacha doa hata kama ni safi kama machozi.

Halafu oili. Injini hii inataka oili ya 2T, iliyotengenezwa kuungua. Oili ya gari au ya Boxer haikuumbwa kuungua. Inaacha masizi mazito kwenye plagi, kwenye ringi na kwenye ekzosi. Na oili ya giaboksi ni kitu kingine kabisa, ina tundu lake pembeni ya injini. Nimeona mtu aliyemimina oili ya 2T kwenye giaboksi akaacha tanki la oili tupu, na kwa mtu aliyezoea mipigo minne hata simshangai.

Kwa DT yenye Autolube, yaani iliyo na tanki na pampu yake ya oili, pampu hiyo inafuata mkono wa mafuta. Hakikisha bomba lake halina viputo vya hewa, na kwamba waya wake unavuta pampu hadi kwenye alama. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye tanki la oili, tembelea nusu tanki la petroli, uone kama oili imeshuka. Kama huiamini pampu, changanya oili kwenye petroli wakati wa majaribio: mililita 200 kwa lita 5 ni uwiano wa 1 kwa 25. Moshi utaongezeka kwa sababu pampu nayo inaleta; vumilia. Ila usidhani kwamba ukizidisha oili unailinda injini kwa kila hali. Oili ikiongezeka kwenye petroli, petroli inayopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, inapungua, na mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi zaidi kwa kila tone la petroli. Mtu aliyeruka kutoka 1 kwa 50 kwenda 1 kwa 20 bila kugusa jeti amepandisha joto la injini yake mwenyewe.

Mwisho, toa plagi uisome, baada ya kuiendesha pikipiki na kuizima ghafla, si baada ya kuiacha ikinguruma dakika tano kivulini. Rangi ya kahawia kama ya korosho iliyokaangwa ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria ni petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba. Nyeusi yenye majimaji ya oili ni oili nyingi, cheche dhaifu, au sili ya upande wa klachi. Nyeupe iliyokauka, yenye chembe ndogo zinazong'aa, ni hatari: chembe hizo ni aluminiamu ya pistoni. Simamisha hapohapo. Plagi inayofaa DT nyingi ni NGK B8ES, nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Kwenye NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, kwa hiyo anayekuwekea ya 6 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo dukani amekuwekea ya moto. Plagi bandia zimejaa madukani. Mpya ikifeli, irudishe ile ya zamani iliyosafishwa ujaribu kabla ya kulaumu kitu kingine.

Haiwaki kabisa

Injini inataka vitu vitatu: cheche, petroli, kompresheni. Anza na cheche. Toa plagi, ivalishe kofia yake, igusishe kwenye chuma cha silinda mbali kidogo na tundu, piga kiki. Cheche iwe ya buluu na itoe sauti ya kupasuka. Ya njano isiyoonekana mchana ni dhaifu. Hakuna kabisa? Chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia, ujaribu tena. Kwenye Yamaha nyingi huo ndio waya wa kuzima, na ukichubuka ukagusa fremu, pikipiki imezimwa muda wote. Cheche ikirudi, umemaliza. Tafuta panapochubuka, kwa kawaida chini ya tanki au kwenye shingo ya usukani. Wakati unajaribu hivyo kumbuka funguo haitaizima.

Za zamani zaidi zina platini, swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke, chini ya sumaku. Nafasi yake ni milimita 0.3 hadi 0.4, na kondensa ikifa platini zinaungua na kuwa nyeusi mara kwa mara.

Cheche ipo, lakini injini inarudisha kiki kwa nguvu au inalipuka kwenye kabureta: fungua kifuniko cha sumaku. Sumaku imefungwa kwenye krenki kwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Nati ikilegea, kipande hicho kinakatika, sumaku inazunguka kidogo, na cheche inakuja wakati usiofaa. Sumaku itoe kwa pula yake tu. Atakayekuja na nyundo, mwambie arudi nyumbani.

Petroli: piga kiki mara kadhaa na choki, toa plagi. Kavu? Petroli haifiki. Fungua bomba la tanki juu ya chupa uone kama inatiririka bila kusita, kisha nenda kwenye bakuli la kabureta. Kusafisha kabureta si dhambi, dhambi ni kuirekebisha kabla ya wakati. Hesabu mizunguko ya skrubu ya hewa kabla ya kuitoa, uirudishe palepale. Jeti ndogo ipulize kwa hewa, na kama imegoma pitisha uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Sindano ya cherehani inapanua tundu, na jeti iliyopanuka haina dawa.

Plagi imelowa na cheche ipo: kompresheni. Weka geji, fungua mkono wa mafuta wote, piga kiki mpaka mshale usimame. Injini nzima ya aina hii hukaa karibu na psi 120 na zaidi. Chini ya 100 kuwaka kunakuwa kwa taabu, na ikishuka sana haiwaki bila kusukumwa. Mwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda sana, ringi au silinda zimekwisha. Isipopanda, tazama gasketi ya heda, ule mfuniko wa juu wa silinda.

Kama kompresheni iko sawa na bado inatema petroli kurudi kwenye kabureta, fungua ridi, vile vibati vyembamba vya kwenye mdomo wa silinda. Vishike kuelekea mwanga wa jua. Ukiona mwanga mpana unapita, au ncha iliyovunjika, hapo ndipo penye tatizo. Kipande kilichovunjika kitafute. Kama hakiko kwenye mdomo, kimeingia ndani.

Inawaka, inatembea, ikishika moto inazima

Huu ndio ugonjwa unaowatesa watu zaidi, kwa sababu ukifika kwa fundi injini imepoa na inawaka vizuri kabisa. Dawa ni kupima palepale inapozimia. Beba plagi nzima mfukoni na spana yake. Ikizima, usisubiri: toa kofia ya plagi, vaa kwenye plagi ya mfukoni, gusisha kwenye silinda, piga kiki.

Hakuna cheche ikiwa ya moto, ipo ikiwa baridi? Ni umeme: koili ya kuchaji chini ya sumaku, koili ya juu inayopeleka umeme kwenye plagi, au CDI, kile kiboksi kinachoamuru cheche. Ninayemshuku kwanza ni koili ya chini ya sumaku. Inakaa karibu na joto la injini, waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na mipako yake ikichoka waya unatanuka kwa joto na kukatika kimawasiliano. Pima ukinzani wake kwa mita ikiwa baridi, andika, halafu ipashe moto. Feni ya kukaushia nywele ya saluni inatosha kabisa kwa kazi hii. Namba ikirukaruka au ikipotea, koili imekufa. Mafundi wanaosuka mota za umeme wanaweza kuisuka upya wakikuta mfano wa waya ule ule. Wengine wanakuletea waya mnene zaidi, inajaa mapema, cheche inakuwa dhaifu, na unarudi mwanzo.

Cheche ipo, hata injini ikiwa ya moto? Fungua mfuniko wa tanki usikilize. Kimya? Pima kompresheni ikiwa bado ya moto. Silinda iliyokula sana hupoteza kompresheni ikiwa ya moto, ikipoa inarudi kiasi cha kuwaka. Hiyo ni kazi ya mkereza vyuma, hakuna njia ya mkato.

Kuna namna ya tatu. Inapopata moto haizimi moja kwa moja; inaanza kukosa nguvu, inalia juu juu, kisha inashika, yaani pistoni inanasa kwenye silinda, na kufa. Ukivuta choki nusu wakati huo ikapata nguvu, injini ina njaa ya petroli au inakunywa hewa ya wizi. Jeti ulishaisafisha? Basi soma sehemu inayofuata taratibu.

Inapanda resi yenyewe

Umefunga mkono wa mafuta, injini inakataa kushuka. Inaning'inia juu sekunde kadhaa, au inapanda mpaka inatisha. Kwanza ondoa uwezekano rahisi: waya wa mafuta uliokwama, au slaidi iliyorudishwa vibaya ndani ya kabureta. Kama hivyo viko sawa, karibu uhakika ni hewa ya wizi.

Ikikukimbia siku moja, funguo inaweza isiizime, kwa sababu plagi au masizi mekundu kwa moto yanawasha mchanganyiko bila cheche. Vuta choki yote, kama bado, weka gia ya juu, shika breki zote mbili na uachie klachi. Itakufa.

Kutafuta tundu kwa kupuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta huku injini inanguruma ni njia ya haraka, mlio ukibadilika umepata. Siipendi. Silinda ni ya moto, cheche ziko, na sili ya kushoto imejificha nyuma ya sumaku ambako dawa haifiki. Kuna njia bora, na inahitaji kifaa ambacho kila zahanati inacho: mashine ya mkono ya kupimia presha ya damu, ile yenye puto la kubonyeza na geji ya mshale.

Toa ekzosi, kata kipande cha tyubu ya gari, kiweke kwenye mdomo wa silinda na ukibane kwa boliti za ekzosi ileile. Toa kabureta, chomeka kizibo cha mbao kwenye mpira wake na ukaze kilipu. Kama bomba dogo la oili la Autolube linaingia kwenye mdomo wa silinda, lizibe nalo. Chukua plagi iliyokufa, vunja kauri yake, toa vya ndani, gundisha bomba la mpira la ile mashine. Ifunge kwenye heda. Teremsha pistoni mpaka chini kabisa, ili njia za pembeni zifunguke na hewa ya silinda ikutane na ya chumba cha krenki.

Sasa pampu polepole hadi 300. Geji hiyo inasoma milimita za zebaki, na 300 ni karibu psi 6, ambazo ndizo zinazotakiwa. Pampu ya tairi au kompresa usiitumie, itasukuma sili itoke mahali pake na utakuwa umetengeneza ugonjwa mpya. Funga skrubu ya puto, tazama mshale. Injini iliyobana itakaa. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika, kuna mahali inavuja. Kabla ya kuhukumu injini, pitisha povu la sabuni kwenye vifaa vyako mwenyewe, kizibo na tyubu, maana mara nyingi vinavuja vyenyewe.

Kisha povu kwenye gasketi ya heda, chini ya silinda, kuzunguka plagi, kwenye mpira wa kabureta. Mpira huo wa DT hupasuka kwenye kona ya chini, mahali pasipoonekana mpaka uukunje kwa kidole. Kama yako ni ya aina yenye kichupa cha plastiki kilichounganishwa kwenye mdomo wa hewa, kagua na bomba lake. Halafu upande wa kushoto: toa kifuniko, toa sumaku, paka povu kwenye sili inayozunguka krenki. Mara nyingi hata kabla ya povu utaona ushahidi: sehemu ya nyuma ya sumaku ambayo inapaswa kuwa kavu na yenye vumbi imejaa matope meusi ya oili ya 2T yaliyorushwa kwa duara. Sili hizi zikikaa miaka bila kutembea zinakauka na kuwa ngumu kama plastiki, ndiyo maana pikipiki ya mnada inayoonekana mpya mara nyingi ina shida kuliko iliyokuwa ikitembea kila siku.

Povu halionyeshi kitu nje, na mshale unashuka? Fungua mfuniko wa kujazia oili ya giaboksi, tandaza utando wa povu la sabuni mdomoni mwa tundu. Ukivimba taratibu na kuwa kiputo, hewa inapita kutoka chumba cha krenki kwenda giaboksi. Hiyo ni sili ya kulia, au mara chache ufa kati ya vyumba hivyo.

Sili ya kushoto inabadilishwa bila kupasua injini. Ya kulia inataka klachi na gia ya krenki zitoke. Kabla ya kuweka mpya, shika krenki uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imechoka, na sili mpya itakufa pale pale. Fungua injini yote umalize kazi moja.

Moshi

Moshi wa buluu unapoiwasha asubuhi ni salamu ya mipigo miwili, usiwe na wasiwasi. Pikipiki iliyosimama wiki kadhaa ikitoa moshi wa kufukuza mbu mtaa mzima kisha ikatulia baada ya muda mfupi, oili ya Autolube ilikuwa ikidondokea ndani ilipolala. Kivalvu chake cha kuzuia kimechoka, lakini si dharura.

Moshi mweupe mzito usiokoma, unaonuka oili ya gia, plagi inayolowa kila mara, na oili ya giaboksi inayopungua bila tone kuonekana chini: sili ya kulia, hakuna mjadala. Kwenye DT za maji, moshi mweupe wenye harufu tamu na rejeta inayopungua ni gasketi ya heda.

Nguvu haipo, au inamisi

Ekzosi kwanza. Masizi ya oili yanajaa kwenye kile kibomba cha ndani cha nyuma, na injini inakuwa kama mtu aliyeziba pua: inaanza vizuri, ikifika katikati inakataa kupanda. Toa boliti ya nyuma, vuta kibomba, kikwangue. Ukiwa hapo chungulia tundu la ekzosi la silinda. Likiwa limepungua kwa masizi, shusha pistoni chini na ukwangue kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi. Pikipiki iliyokaa stoo inaweza kuwa na kichuguu cha nyigu ndani ya bomba.

Mwinuko watu huusahau. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo jeti kubwa iliyofaa Mombasa ni ya petroli nyingi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari: injini inabwabwaja ukiifungulia yote, plagi inakuwa nyeusi. Hiyo inaudhi tu. Kinachoua ni kinyume chake, pikipiki iliyopunguziwa jeti Njombe kisha ikapelekwa Tanga. Ikiwa umenunua kutoka nyanda za juu, soma namba kwenye jeti kabla ya safari ndefu ya pwani.

Chujio la hewa la DT ni sponji inayofanya kazi ikiwa imepakwa oili. Kavu inapitisha vumbi. Pangusa ndani ya mpira wa kabureta kwa kitambaa cheupe; kikitoka na mchanga mwekundu, ringi zimekuwa zikisagwa. Anayetembea bila chujio ili ipumue vizuri amepunguza uwiano wa petroli na amefungua mlango wa vumbi kwa pamoja.

Ikimisi, weka alama ya utepe kwenye mkono wa mafuta ujue inamisi wapi. Mwanzoni kabisa ni jeti ndogo, katikati ni sindano ya slaidi, mwisho ni jeti kubwa. Ikimisi kote bila mpangilio, rudi kwenye umeme.

Kuhusu kelele nitasema machache. Mtikisiko mwepesi unaopungua ikipata moto ni pistoni iliyolegea, inaweza kuishi muda mrefu. Mlio mkali unaotokea ukibana mafuta mlimani ni kugonga kwa mchanganyiko, tafuta taiming (wakati cheche inapotoka), petroli mbaya au hewa ya wizi. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaousikia mpaka kwenye vikanyagio, ni beringi ya konrodi. Iache ipoe, usiiwashe tena.

Imeshika: soma pistoni kabla hujaitupa

Pistoni iliyokufa ni barua ya daktari. Mikwaruzo kwenye pembe nne za mzunguko wake inasema ilipashwa haraka: mtu aliwasha na kufungulia resi kabla silinda haijatanuka, au pistoni mpya ilibanwa mno kwenye kukereza. Mikwaruzo upande wa ekzosi inasema joto au upungufu wa oili. Upande wa kuingizia, vumbi au ukosefu wa oili. Ukingo ulioliwa kama na panya ni kugonga kwa muda mrefu. Tundu katikati ya kichwa ni plagi ya moto mno, taiming iliyotangulia au mchanganyiko wenye hewa nyingi, na ukirudisha pistoni mpya bila kupima kwa ile mashine ya presha, itatoboka mahali palepale.

Usisahau mteremko. Ukishuka Kitonga umefunga mkono wa mafuta na injini inazunguka kwa kasi kwenye gia, oili inayoingia ni kidogo sana, iwe umechanganya kwenye petroli au una Autolube, kwa kuwa vyote vinafuata mkono wa mafuta. Fungulia kidogo kila baada ya muda mfupi, au kanyaga breki na ubonyeze klachi.

Silinda ikishakwaruzwa, mpe mkereza pistoni mpya mkononi, aikereze kwa kipimo cha pistoni hiyo na si kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Oversaizi, yaani pistoni kubwa kuliko ya mwanzo, huenda kwa milimita 0.25, kisha 0.50 na kuendelea. Anayeanza na 1.00 amekuibia miaka ya silinda. Mwambie avunje makali ya kingo za matundu, la sivyo ringi itanasa. Safisha silinda kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, paka oili palepale kabla ya kutu. Ikishawaka, iache ipate joto, izime, ipoe kabisa, rudia, kisha tembea bila kuibana kwa tanki la kwanza, ukitoa plagi kila unaposimama. Nyeupe ikionekana mapema, rudisha tyubu na kizibo, upime tena.